Sura ya Tano: Pikapu Imekufa, au Imesingiziwa?

Mwenye gitaa la umeme la miaka ya hamsini, sitini au sabini hufika kwa fundi na swali moja: pikapu moja inalia vizuri, nyingine inasikika kwa mbali, je, imekufa? Mara nyingi swali huja limebeba na jibu lake: sumaku imezeeka, tafuta nyingine. Sura hii inatetea jibu tofauti. Pikapu hushukiwa kwanza, ilhali ushahidi unataka ishukiwe mwisho. Sisemi kwamba haiharibiki. Inaharibika, na tutaona namna inavyoharibika. Lakini kati ya uzi na spika kuna vitu vingi vinavyochakaa kabla yake, na vyote hukaguliwa kwa gharama ndogo bila kuharibu chochote. Kuihukumu pikapu bure, kwa upande mwingine, ni kosa lisilorekebishika, kwa maana waya uliozungushwa kiwandani mwaka 1959 ukishafumuliwa haurudi tena.

Pikapu inafanya kazi gani

Pikapu ni kile kipande kilichofungwa kwenye bodi ya gitaa chini ya nyuzi, kimoja karibu na shingo, kingine karibu na daraja, na katika baadhi ya magitaa kingine katikati. Ndani yake mna vitu viwili vya msingi: sumaku na koili. Koili ni waya mwembamba wa shaba, kipenyo chake milimita 0.06 hivi, uliozungushwa maelfu ya mara na kupakwa vanishi ili mzunguko mmoja usipitishe umeme kwa mwenzake. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe na usumaku kidogo. Uzi ukitikisika, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hupanda na kushuka, na mabadiliko hayo huzalisha umeme kwenye waya. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, na ilipita karne nzima kabla George Beauchamp hajaitumia kwenye magitaa ya Rickenbacker huko California.

Umeme huo ni mdogo sana, kwa kawaida haufiki volti moja, na unasafiri njia ndefu. Kutoka kwenye koili unapita kwenye swichi ya kuchagulia pikapu, kisha kwenye kile kifaa cha kuzungusha ambacho mafundi wa redio hukiita volyumu, halafu kwenye kifaa cha toni chenye kapasita yake, yaani kijisehemu kinachopitisha sauti za juu na kuzuia za chini. Hapo ndipo unapofika kwenye tundu la kuchomekea waya, unapita kwenye waya wenyewe, na kuingia kwenye amplifaya. Kila kituo katika safari hiyo kinaweza kumeza sehemu ya sauti.

Aina mbili za pikapu zitatajwa mara kwa mara katika sura hii. Ya kwanza ni ya koili moja, kama zile tatu za Fender Stratocaster iliyotoka mwaka 1954. Ya pili ni hambaka, yenye koili mbili zilizounganishwa kwa namna ya kufuta ule mngurumo unaoingia kutoka kwenye umeme wa ukutani. Seth Lover aliitengenezea Gibson hambaka huko Kalamazoo, akaiombea hataza mwaka 1955, na kufikia mwaka 1957 ilikuwa imeanza kufungwa kwenye magitaa.

Kwa ufupi: nguvu ya sauti inategemea sumaku, idadi ya mizunguko ya koili, chuma kilicho ndani ya uzi, na umbali kati ya uzi na pikapu. Mambo mawili ya kwanza yako ndani ya pikapu. Mawili ya mwisho, pamoja na safari yote inayofuata, yako nje.

Imefifia ukilinganisha na nini?

Kabla ya kushika bisibisi, swali hili lijibiwe kwa ukweli. Pikapu nyingi za zamani hazikuundwa ziwe na nguvu kubwa. Ile ya Stratocaster ya miaka ya hamsini na sitini huwa na ukinzani wa omu 5,500 hadi 6,500 hivi, na hambaka za kwanza za Gibson omu 7,000 hadi 8,500 hivi. Ukinzani ni kiasi ambacho waya unazuia umeme kupita, na omu ni kipimo chake. Miaka ya 1970 ilipoanza, kampuni ya DiMarzio ilitoa Super Distortion, pikapu ya sumaku ya seramiki yenye takriban omu 13,000, iliyokusudiwa kuilemea amplifaya makusudi. Sikio lililozoea gitaa la namna hiyo likikutana na Gibson ya mwaka 1962 litasema imechoka, kumbe inalia jinsi ilivyolia siku ilipotoka kiwandani.

Nafasi nayo inadanganya. Karibu na daraja uzi hutikisika kidogo, karibu na shingo hutikisika sana. Watengenezaji wa zamani waliweka pikapu za aina ileile sehemu zote mbili bila kuiongezea mizunguko ile ya darajani, kama inavyofanywa sana siku hizi. Matokeo yake ni kwamba pikapu ya darajani, ikiwa kwenye kimo sawa na mwenzake, lazima isikike ndogo. Hata ndani ya pikapu moja usawa unaweza kukosekana bila ubovu wowote. Vijiti vya sumaku vya Stratocaster za zamani vina urefu tofauti kwa sababu vilipangwa kwa seti ambayo uzi wake wa tatu ulikuwa umesokotewa waya wa juu. Leo uzi huo kwa kawaida ni mtupu, kwa hiyo unapiga kelele kuliko majirani zake na kuwafanya waonekane dhaifu. Hakuna kilichokufa hapo.

Washukiwa wa nje: uzi, umbali na kutu

Uzi unaofungwa juu ya pikapu ni sehemu ya pikapu hiyo kikazi, maana bila chuma hakuna cha kutikisa nguvu ya sumaku. Nyuzi za gitaa la umeme huwa za chuma, na zile nene huzungushiwa chuma au nikeli. Nyuzi za gitaa kavu huzungushiwa shaba nyeusi, ambayo sumaku haina habari nayo. Kinachosikika ni ule uzi mwembamba wa chuma ulio katikati tu. Mtu akifunga seti ya gitaa kavu kwenye gitaa la umeme, nyuzi nene zitanyong'onyea huku zile nyembamba zikilia sawasawa, na atailaumu pikapu kwa kosa la dukani.

Umbali una uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu nguvu ya sumaku hupungua kwa kasi kadiri unavyoiacha. Pikapu nyingi hushikiliwa na skrubu zinazokaa juu ya springi, kipande cha mpira au sponji. Kwa miongo mingi mpira hukauka na sponji husagika kuwa unga, na pikapu hudidimia taratibu bila mtu kuona. Kipimo cha kuanzia kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani ni milimita 2 hadi 2.5 kati ya uzi na kijiti cha sumaku, ukiwa umebana uzi kwenye freti ya mwisho. Kuiinua pikapu ni kazi ya dakika moja. Usiipandishe kupita kiasi, kwa kuwa sumaku itaanza kuvuta nyuzi, na uzi mnene utatoa sauti inayoyumba kana kwamba noti mbili zinagombana.

Kisha inakuja kutu. Swichi hufanya kazi kwa vipande vya chuma kugusana, na volyumu kwa kidole cha chuma kinachoteleza juu ya utepe wa kaboni. Vumbi, moshi na unyevu huweka utando juu ya miguso hiyo. Gitaa lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja limevuta hewa ya chumvi mwaka baada ya mwaka, na gitaa la bendi limeongezewa jasho la ukumbini. Dalili ya kutu ni sauti inayopungua na kurudi unapoitikisa swichi, au mkwaruzo unapozungusha volyumu. Kugeuza kila kitu mara ishirini, kisha kupuliza dawa ya kusafishia miguso ya umeme, hurudisha sauti nyingi zilizokwisha kuhesabiwa maiti.

Mshukiwa mwingine wa nje ni matengenezo ya zamani. Gitaa la koili moja huhitaji volyumu ya omu 250,000 hivi, na la hambaka omu 500,000. Volyumu hiyo ikifa na nafasi yake ikachukuliwa na ya redio yenye omu 10,000, hesabu ni rahisi: pikapu ya omu 7,500 itabakiwa na zaidi kidogo ya nusu ya sauti yake ya chini, na sauti za juu zitaliwa zaidi. Kapasita ya toni nayo ikianza kuvuja, sauti nzima hupungua badala ya kupoteza ukali tu. Yote haya hujitokeza kama pikapu iliyofifia, na hakuna hata moja lililo ndani ya pikapu.

Njia ya umeme inajibu nusu ya swali

Fundi mwenye subira hutazama kwanza ni vitu gani vinatumiwa na pikapu zote kwa pamoja. Stratocaster ina volyumu moja kwa pikapu tatu. Kama mbili zinalia vizuri na moja imefifia, basi volyumu, tundu, waya na amplifaya vimejitoa vyenyewe, kwa sababu zile mbili nzima zinapita humo humo. Wanaobaki ni pikapu yenyewe, kimo chake, nyaya zake, toni yake kama inayo, na mguso wake kwenye swichi. Les Paul ya Gibson ni kinyume: kila pikapu ina volyumu na toni yake, kwa hiyo volyumu mbovu inaweza kuifanya moja ififie huku nyingine ikiwa nzima. Dalili ni ileile, ila orodha ya washukiwa imebadilika. Ndiyo maana jibu la jumla la "badilisha pikapu" halina msingi. Halijauliza hata ni gitaa gani.

Mita inasema nini, na haisemi nini

Hapa wengi huleta pingamizi la kwanza: kwa nini mzunguko wote huu wakati mita ya umeme inatoa jibu kwa sekunde mbili? Mita ni shahidi mzuri, ila lazima ajue ameulizwa nini. Ukichomeka waya kwenye tundu, ukafungua volyumu na toni mpaka mwisho na kupima ukinzani kwenye ncha ya pili, utasoma pikapu na volyumu kwa pamoja. Pikapu ya omu 7,500 yenye volyumu ya omu 500,000 itasomeka 7,390 hivi. Ukiacha swichi katikati, pikapu mbili zitasomeka karibu nusu ya moja, na mtu asiyejua atadhani zote mbili zimeharibika. Na koili ikiwa imekatika kabisa, mita haitaandika kwamba njia imekatika. Itasoma volyumu peke yake, omu 250,000 au 500,000. Anayeiona namba hiyo kubwa na kufurahi kwamba pikapu ina nguvu amesoma cheti cha kifo akidhani ni cha kuzaliwa.

Joto pia linahesabika. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja. Pikapu inayosoma omu 7,000 katika chumba cha nyuzijoto 20 itasoma karibu 7,270 katika karakana ya Dar es Salaam yenye nyuzijoto 30. Tofauti hiyo haina maana yoyote kwa sauti. Tena, ukinzani si nguvu. Waya mwembamba zaidi huongeza omu bila kuongeza mizunguko, na sumaku iliyonyong'onyea haibadilishi omu hata moja. Mita inaweza kuthibitisha kwamba koili imekatika au imegusana. Haiwezi kuthibitisha kwamba pikapu ina afya.

Kwa ufupi, ukipima kwenye tundu, pikapu moja ikiwa imechaguliwa:

- Namba iliyo karibu na ile ya kawaida: koili huenda ni nzima, endelea kutafuta nje.
- Karibu na sifuri: kuna mgusano, mara nyingi kwenye waya wa ethi, si lazima ndani ya koili.
- Omu 250,000 au 500,000: njia ya pikapu imekatika mahali, iwe koilini, kwenye waya wake au kwenye swichi.
- Hambaka inayosoma nusu yake: koili moja imezimika, na utasikia mngurumo umerudi.

Pikapu inapokufa kweli

Sasa tuje upande wa pili, maana hoja hii haisemi kwamba pikapu haifi. Kwenye Fender za zamani waya ulizungushwa moja kwa moja juu ya vijiti vya sumaku, ukitenganishwa navyo kwa tabaka la laka tu. Sumaku hizo ni za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, na chuma hupata kutu. Jasho likipenya kandokando ya vijiti, kutu hula mizunguko ya ndani kabisa, ile isiyoonekana. Koili iliyokatika namna hii haizimiki kila mara. Mara nyingine huacha sauti nyembamba, kali, isiyo na besi, kwa sababu ncha mbili zilizoachana bado zimekaribiana kiasi cha kupitisha mitetemo ya kasi, jinsi kapasita inavyofanya. Hiyo ndiyo dalili ya kuaminika kuliko zote: pikapu dhaifu yenye sauti nene ina tatizo la umbali au la usumaku, pikapu dhaifu yenye sauti ya bati ina tatizo la kukatika.

Ugonjwa wa pili ni mizunguko michache kugusana baada ya vanishi kuchubuka. Omu hupungua kidogo tu, pengine ndani ya kiwango cha kawaida, lakini mizunguko iliyogusana hula umeme ambao ungetoka nje, na sauti hupoteza uhai. Hapa ndipo kifaa cha kupima kwa henri, kipimo cha uwezo wa koili kuhifadhi nguvu ya sumaku, kinaposhinda mita ya kawaida. Ugonjwa wa tatu ni mwepesi kuliko yote: maungio kati ya waya mwembamba wa koili na waya mnene wa kutokea yameachia. Ncha ya nje ikionekana, fundi makini huilehemu upya bila kugusa koili. Kwa sababu hiyo, hata pikapu iliyothibitishwa kuwa imekatika isifumuliwe kabla maungio hayajakaguliwa.

"Sumaku imezeeka"

Hili ndilo pingamizi kubwa, na lina chembe ya ukweli ndani yake. Sumaku ya alniko inaweza kupoteza nguvu, na ni rahisi kuidhoofisha kuliko ya seramiki. Lakini kinachoidhoofisha ni matukio, wala si miaka. Ikiachwa peke yake, alniko hupoteza sehemu ndogo sana kwa miongo kadhaa, kiasi ambacho sikio haliwezi kudai limekisikia. Inadhoofika ikigusanishwa na sumaku kali inayoisukuma, pikapu mbili zikihifadhiwa uso kwa uso, au ikisogezewa ile bastola ya kulehemu yenye transfoma ndani. Nadharia ya uzee ina tatizo jingine pia: pikapu zote za gitaa moja zina umri mmoja. Kama miaka ndiyo inayoua sumaku, ingeziua pamoja. Moja ikififia na nyingine ikibaki nzima, tafuta tukio.

Kupima ni rahisi. Sogeza ncha ya bisibisi ndogo ya chuma juu ya vijiti vya pikapu inayoshukiwa, kisha vya ile nzima ya aina hiyohiyo, na uhisi mvuto. Tofauti kubwa ni ushahidi. Ukosefu wa tofauti unaisafisha sumaku. Na hata ikipatikana na hatia, hukumu yake si kutupwa. Fundi mwenye sumaku mbili kali anaweza kuirudishia usumaku bila kugusa waya.

"Si ninunue mpya tu?"

Pingamizi la mwisho ni la mwanamuziki mwenye onyesho Jumamosi, nalo ni la haki. Gitaa ni chombo cha kazi, na pikapu mpya inapatikana kwa bei ya kawaida. Lakini kama kasoro iko kwenye swichi, pikapu mpya itafifia vilevile, na sasa umelipa mara mbili. Zaidi ya hapo, sehemu halisi za miaka ile zina thamani yake: jozi ya hambaka za Gibson za mwisho wa miaka ya hamsini huuzwa kwa maelfu ya dola, na gitaa lililobadilishwa nyaya hushuka bei. Mwenye haraka anaweza kufunga mpya kwa ajili ya kazi, mradi ile ya zamani iwekwe mahali pakavu, nzima, bila kufumuliwa. Huko ni kuahirisha hukumu, na hakuna ubaya.

Utaratibu wa kufuata

Utaratibu huu unatoka kwenye kanuni moja: anza na jaribio ambalo ukikosea hupotezi kitu, maliza na lile lisilorudishika.

1. Badilisha waya na amplifaya.
2. Funga nyuzi mpya za gitaa la umeme.
3. Pima na urekebishe kimo cha pikapu.
4. Gonga kijiti cha sumaku taratibu kwa bisibisi kila pikapu ikichaguliwa, na ulinganishe mlio wao.
5. Safisha swichi, volyumu na tundu.
6. Pima ukinzani kwenye tundu, pikapu moja moja.
7. Fungua gitaa, piga picha nyaya zilivyokaa, kisha unganisha pikapu inayoshukiwa moja kwa moja kwenye tundu bila kupitia kitu kingine.
8. Linganisha sumaku, kagua maungio ya koili.
9. Fikiria kusuka koili upya.

Hatua ya saba ndiyo inayotoa hukumu. Pikapu ikilia kwa nguvu pale ambapo hakuna swichi wala volyumu kati yake na amplifaya, imeshinda kesi, na kinachobaki ni kutafuta mwizi wa sauti katika vile vilivyorukwa. Ikibaki dhaifu, kimo chake kikiwa sawa na nyuzi zikiwa sahihi, hapo tu ndipo fundi ana haki ya kusema ni mbovu. Hata hapo ana deni la kueleza ubovu wenyewe: koili imekatika, imegusana, au sumaku imedhoofika. Asiyeweza kutaja mojawapo kati ya matatu hayo bado hajamaliza uchunguzi, na mwenye gitaa ana kila sababu ya kumkatalia kufumua waya.